Yai la chura hupevuka vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanafunzi wa baiolojia, walimu wao, na yeyote aliyewahi kufungua kitabu akakuta mchoro uliojaa mishale na vifupisho, kisha akakifunga. Mchoro huo unakosa jambo moja kubwa: haukuonyeshi yai likifanya uamuzi. Majibu yaliyo hapa chini yamekusudiwa kuonyesha jinsi uamuzi huo unavyofanyika.

Kupevuka kwa yai ni nini hasa? Si kukua tu?

Hapana, ni mambo mawili tofauti. Yai la chura hukua kwanza, kwa miezi, likijaza chakula cha akiba na kuhifadhi protini na RNA mjumbe (nakala za jeni zenye maelekezo ya kutengeneza protini) ambazo hazitatumika hadi baadaye. Mwaka 1972 James Dumont aligawa ukuaji huo katika hatua sita, na watafiti bado wanazitumia. Yai la hatua ya sita la chura aina ya *Xenopus laevis* huwa na upana wa milimita 1.2 hadi 1.3. Unaliona bila hadubini: upande mmoja ni wa kahawia iliyokolea, upande wa pili ni wa rangi ya krimu.

Pamoja na ukubwa huo wote, yai hilo bado halifai kurutubishwa. Limesimama katika profesi, yaani hatua ya mwanzo, ya meiosisi ya kwanza (meiosisi ni migawanyiko miwili inayopunguza kromosomu za seli ya uzazi kuwa nusu). DNA imeshanakiliwa, kiini cha seli ni kizima, na hakuna kinachosogea. Kupevuka ni kutoka katika kituo hicho. Utando wa kiini unavunjika, kromosomu zinajikunja na kujipanga, mgawanyiko wa kwanza unafanyika na seli ndogo ya pembeni inatupwa nje, kisha yai linaanza mgawanyiko wa pili na kusimama tena katikati yake, kwenye metafesi ya pili, likisubiri mbegu ya kiume. Maabara ikitia homoni, safari hii huchukua saa kadhaa tu.

Kwa nini watafiti wamemng'ang'ania chura huyu mmoja?

*Xenopus laevis* ni chura wa makucha wa kusini mwa Afrika. Hana ulimi, anaishi majini maisha yake yote, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina makucha meusi. Alisambaa duniani kwa sababu ya kipimo cha mimba. Katika miaka ya 1930, kutokana na kazi iliyofanyika Afrika Kusini na Uingereza, iligundulika kwamba ukimdunga chura jike mkojo wa mwanamke mjamzito, atataga mayai kabla siku haijaisha. Hospitali za nchi nyingi zikaanza kufuga vyura hao, na kipimo hicho kilitumika hadi miaka ya 1960, vilipokuja vipimo vya kingamwili. Vyura waliobaki kwenye matangi wakawa mali ya wanabaiolojia.

Tazama vizuri, utaona kwamba kipimo chenyewe kilikuwa jaribio la kupevusha mayai. Homoni ya mimba iliyo kwenye mkojo, hCG, huamsha ovari ya chura kama inavyofanya homoni ya tezi yake ya pituitari, iliyo chini ya ubongo.

Sababu nyingine ni za kazi ya mikono. Yai moja lina ujazo wa karibu mikrolita moja, mara mamia ya maelfu ya ule wa seli ya kawaida ya mwili. Unaweza kulidunga kwa sindano ya kioo, kulitoa kiini, au kulisaga lenyewe peke yake na bado ukapata protini za kutosha kupima. Tena jike mmoja ana maelfu ya mayai ya hatua ya sita, yote yakiwa yamesimama mahali pamoja.

Nitajuaje kwamba yai limepevuka?

Angalia kilele cha upande ule wa kahawia. Kabla ya kupevuka, kiini kikubwa cha seli, chenye upana wa karibu theluthi moja ya yai, kimejificha chini ya rangi hiyo. Utando wake ukivunjika, vilivyokuwa ndani hupanda juu na kusukuma chembe za rangi pembeni, na hapo juu panatokea doa jeupe la duara. Mwanzoni doa huwa hafifu, kingo zake hazieleweki. Baadaye linakuwa safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu mayai yaliyopevuka katika sahani kwa macho tu.

Mwenye shaka huchemsha yai au kuligandisha kwa asidi, kisha analikata katikati kwa wembe. Kiini kikiwa bado kipo, utaona mviringo wa rangi hafifu ndani ya nusu ya juu. Kikiwa kimevunjika, huoni kitu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora ya kumfundisha mwanafunzi, kwa sababu haina mashine wala rangi za gharama.

Ni homoni gani inayoanzisha mambo?

Vitabu vingi hujibu "projesteroni", na maabarani jibu hilo ni sahihi: weka projesteroni kwenye maji ya mayai, yatapevuka. Ndani ya chura mwenyewe habari ni ndefu zaidi. Tezi pituitari hutoa homoni, seli zinazolizunguka yai hutengeneza steroidi (kundi la homoni ambamo projesteroni imo), na yai lenyewe lina kimeng'enya kinachogeuza projesteroni kuwa androjeni, homoni za jamii ya testosteroni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba ovari za vyura waliochochewa zilikuwa na androjeni nyingi kuliko projesteroni, na kwamba androjeni peke yake hupevusha mayai vizuri. Kwa hiyo ukiandika "projesteroni" katika mtihani utapata alama zako, lakini jua kwamba ndani ya mwili wa chura androjeni huenda ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi.

Je, homoni hiyo inaingia ndani ya kiini na kuwasha jeni, kama steroidi nyingine?

Hapa ndipo yai linapowashangaza wengi. Steroidi kwa kawaida hupenya hadi kwenye kiini na kubadili usomaji wa jeni. Katika yai la chura haihitajiki hivyo. Ukizuia usomaji wa jeni kwa dawa, yai bado linapevuka. Ukitoa kiini chote kabisa, sitoplazimu iliyobaki bado inaitikia homoni. Na katika majaribio ya miaka ya 1970, projesteroni iliyodungwa ndani ya yai haikufanya kazi, lakini iliyowekwa nje ilifanya. Ujumbe unapokelewa karibu na uso wa seli.

Kitu kimoja kinachohitajika ni utengenezaji wa protini mpya. Ukiuzuia huo, yai halisogei. Lakini protini hizo zinatengenezwa kutoka RNA mjumbe zilizokwisha kuhifadhiwa, hazitoki kwenye jeni zilizosomwa leo.

Ni nini kinachobadilika kwanza ndani?

Yai lililosimama limeshikiliwa na kimeng'enya kiitwacho PKA, ambacho hubaki hai mradi kuna cAMP, molekuli ndogo inayopitisha ujumbe ndani ya seli, ya kutosha. Homoni inashusha cAMP, PKA inalegea. Mojawapo ya protini ambazo PKA huzibandika fosfeti (kikundi kidogo cha kemikali chenye fosforasi) ni Arpp19, na ikiwa na fosfeti hiyo Arpp19 husaidia kulizuia yai. PKA ikilegea, fosfeti hiyo inabanduliwa.

Kubandika na kubandua fosfeti ndiyo lugha ya mtandao huu mzima. Vimeng'enya vinavyobandika huitwa kinasi, vinavyobandua huitwa fosfatasi. Fosfeti moja mahali fulani inaweza kuiwasha protini, na mahali pengine kwenye protini hiyohiyo ikaizima. Ukishalishika hilo, mishale yote iliyobaki inasomeka.

MPF ni nini, na iligunduliwaje?

Yoshio Masui, Mjapani aliyehamia Amerika Kaskazini, alifanya kazi na Clement Markert kwa chura mwingine, *Rana pipiens*. Walinyonya sitoplazimu kidogo kutoka kwenye yai lililopevuka kwa sindano nyembamba ya kioo, wakaidunga katika yai ambalo halijawahi kuguswa na homoni. Yai hilo likapevuka. Walichapisha mwaka 1971 na kukiita kitu hicho kisichojulikana "kipengele cha kuchochea upevukaji", ambacho kwa kifupi cha Kiingereza ndicho MPF. L. Dennis Smith na Robert Ecker walipata matokeo kama hayo mwaka huohuo.

Baadaye ikaonekana jambo la ajabu zaidi. Ukitoa sitoplazimu kwa yai la kwanza ukadunga la pili, kisha ukatoa kwa la pili ukadunga la tatu, na kuendelea hivyo, nguvu haipungui. Kama MPF ingekuwa kitu kinachogawanywa tu, ingekwisha baada ya kuzimuliwa mara chache. Ilikuwa ni lazima kila yai liwe na akiba yake iliyolala, na MPF kidogo iliyoingizwa iiamshe akiba hiyo.

MPF ilisafishwa kutoka mayai ya *Xenopus* mwaka 1988 na Lohka, Hayes na Maller. Ilikuwa na protini mbili: kinasi ambayo leo tunaiita Cdk1, na saiklini B. Cdk1 ilikuwa ileile ambayo Paul Nurse aliichunguza katika hamira, na saiklini zilikuwa zimegunduliwa na Tim Hunt katika mayai ya shetani-bahari (mnyama wa baharini mwenye miiba, "sea urchin" kwa Kiingereza) mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 ilikwenda kwa Hartwell, Hunt na Nurse. Masui hakuwamo, ingawa mwaka 1998 alipata tuzo ya Lasker pamoja na Hartwell na Nurse. Mimi ni miongoni mwa wanaoona aliachwa bila haki.

Kama Cdk1 na saiklini B zimo tangu mwanzo, mbona hazifanyi kazi?

Kwa sababu zimebandikwa fosfeti mbili zinazozizima. Kinasi iitwayo Myt1 hubandika, na fosfatasi iitwayo Cdc25 hubandua. Katika yai lililosimama, Myt1 inashinda. Mchezo mzima wa kupevuka ni kugeuza ushindi huo.

MPF ikishaamka hata kidogo, inawasha Cdc25 kwa msaada wa kinasi nyingine iitwayo Plx1, na inaizima Myt1. Maana yake MPF inamwezesha anayeiamsha na kumnyamazisha anayeizuia. Wakati huohuo inaamsha kinasi iitwayo Greatwall, ambayo hupitia Arpp19, mahali pengine kwenye protini hiyo, na kuifunga fosfatasi kubwa ya PP2A ili isibandue fosfeti zote hizi mpya. Angalia Arpp19: fosfeti ya PKA huifanya kizuizi, fosfeti ya Greatwall huifanya mshirika.

Mos inaingia wapi?

Mos ni kinasi ambayo haimo kabisa katika yai lililosimama. RNA yake mjumbe imo, lakini mkia wake ni mfupi na hausomwi. Homoni ikifika, protini ya CPEB iliyoishikilia RNA hiyo inabandikwa fosfeti, mkia unarefushwa, na ribosomu zinaanza kutengeneza Mos. Noriyuki Sagata na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba Mos ni ya lazima katika upevukaji wa mayai ya *Xenopus*.

Mos inawasha kinasi ya MEK, MEK inawasha kinasi ya MAPK, na MAPK inawasha kinasi nyingine, Rsk. Ngazi hii haiishii chini: MAPK inarudi juu na kuongeza utengenezaji wa Mos, na pia inaifanya Mos idumu isivunjwe. Mzunguko wa pili unaojilisha wenyewe, kando ya ule wa MPF.

Tahadhari kwa wanaokariri. Michoro ya zamani huweka MAPK kama njia pekee ya kuifikia MPF. Majaribio ya miaka ya 2000 yalionyesha kwamba ukiizuia MAPK, kiini bado huvunjika, ila kwa kuchelewa. Kinachoharibika vibaya ni kinachofuata: yai halifiki metafesi ya pili, na badala yake linaanza kunakili DNA, jambo lisilotakiwa kabisa kati ya migawanyiko miwili ya meiosisi. Kazi kubwa ya Mos, nionavyo, ni kulinda njia baada ya safari kuanza.

Je, yai linaweza kupevuka nusu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na lilijibiwa mwaka 1998 na James Ferrell na Eric Machleder wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Ukichukua mayai mengi, ukayapa projesteroni kidogo, ukayasaga pamoja na kupima MAPK, utapata kiwango cha kati. Ongeza homoni, kiwango kinapanda. Inaonekana kama mwitikio wa taratibu. Lakini wastani huo unaweza kuficha mambo mawili tofauti: kila yai limeamka nusu, au nusu ya mayai yameamka kabisa na nusu nyingine yamelala kabisa. Ferrell na Machleder walisaga na kupima kila yai peke yake. Karibu hapakuwa na yai la katikati. MAPK ilikuwa imewaka yote au imezimika.

Ni tofauti kati ya jiko la gesi, ambalo moto wake unaupandisha kidogo kidogo, na taa ya ukutani. Homoni ikiongezeka, kinachoongezeka ni idadi ya mayai yaliyovuka mpaka. Kila yai kivyake limevuka au halijavuka.

Mwaka 2003 Wen Xiong na Ferrell waliongeza swali: baada ya kuvuka, ukiiondoa homoni, yai litarudi? Halikurudi. Lakini walipoukata ule mzunguko unaojilisha wa Mos na MAPK, yai lilisahau: homoni ikiondoka, mwitikio nao ukazimika. Kwa hiyo kumbukumbu ya yai haimo katika molekuli yoyote moja. Protini zote huvunjwa na fosfeti zote hubanduliwa mapema au baadaye. Kumbukumbu imo katika jinsi protini zinavyochocheana kwa duara.

Kwa yai hii ni lazima. Yai lililovunja kiini chake kisha likasita haliwezi kukiunda upya na kurudi ovarini kusubiri msimu mwingine.

Kwa nini yai linasimama tena kwenye metafesi ya pili?

Masui na Markert waliliona hili pia mwaka 1971. Walichukua sitoplazimu ya yai lililosimama kwenye metafesi ya pili, wakaidunga katika seli moja ya kiinitete chenye seli mbili. Seli iliyodungwa ikaganda palepale. Jirani yake ikaendelea kugawanyika kama kawaida. Unabaki na kiinitete chenye nusu moja ya seli ndogondogo nyingi na nusu nyingine ya seli moja kubwa isiyosogea.

Kizuizi hicho kilipewa jina CSF, kifupi cha Kiingereza cha "cytostatic factor". Sagata alionyesha mwaka 1989 kwamba Mos ni sehemu yake. Kipande kilichokosekana kilipatikana katika miaka ya 2000: protini ya Emi2, ambayo huufunga mtambo wa APC unaotia saiklini B alama ya kuvunjwa. Mos, kupitia MAPK na Rsk, huiimarisha Emi2. Saiklini isipovunjwa, MPF inabaki juu, na yai linabaki limesimama.

Mbegu ya kiume ikifika inafanya nini?

Inaanzisha wimbi la kalsiamu linalopita yai zima kutoka mahali ilipoingilia. Kalsiamu inawasha kinasi ya CaMKII, CaMKII na Plx1 zinaipeleka Emi2 kuvunjwa, APC inafunguka, saiklini B inavunjwa, MPF inaanguka, na meiosisi inakamilika. Kiinitete hugawanyika mara ya kwanza baada ya takriban dakika 90, kisha kila baada ya nusu saa hivi. Hata kulichoma yai kwa sindano kunaweza kulianzishia wimbi hilo bila mbegu yoyote.

Haya yanahusu binadamu?

Baadhi yanahusu, baadhi hayahusu. Mayai ya mwanamke nayo husimama katika profesi ya kwanza tangu kabla hajazaliwa, mengine kwa zaidi ya miaka 40, na nayo husimama tena kwenye metafesi ya pili. Cdk1, saiklini B, Mos na Emi2 zimo. Panya walioondolewa jeni ya Mos hutoa mayai yanayoshindwa kusubiri na kuanza kugawanyika bila mbegu. Kwa upande wa binadamu, baadhi ya wanawake ambao mayai yao hayapevuki wamekutwa na hitilafu katika jeni ya PATL2, ambayo protini yake hushika RNA mjumbe ndani ya yai.

Kisichofanana ni mwanzo wenyewe. Kwa mamalia, projesteroni siyo inayoliamsha yai. Homoni ya pituitari hubadilisha seli zinazolizunguka, cGMP (molekuli ya ujumbe inayofanana na cAMP) iliyokuwa ikitoka kwao hupungua, na hapo ndipo cAMP ndani ya yai hushuka. Kwa hiyo usichukue matokeo ya chura ukayapeleka moja kwa moja kliniki ya uzazi.

Tunaweza kutumia vyura wa huku kwetu?

Afrika Mashariki ina *Xenopus* wake: *X. victorianus* katika eneo la Ziwa Victoria, *X. borealis* nchini Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na *X. muelleri* pwani ya Kenya na Tanzania. *Xenopus laevis* si mwenyeji wa huku, na asiletwe kisha akaachiliwa mabwawani. Alipotoroka Ufaransa, Chile na California amegeuka mvamizi.

Kwa utafiti utahitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, pamoja na idhini ya mamlaka za wanyamapori na ya kamati ya maadili ya chuo chako. Kipande kidogo cha ovari hutolewa kwa upasuaji mdogo chini ya dawa ya usingizi, na jike hushonwa akaendelea kuishi. Mayai yawekwe kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, karibu nyuzi 18 za Selsiasi. Hilo la joto ndilo huwaponyoka wengi wa pwani: chumba kikifika nyuzi 28 mayai yanaanza kuharibika kabla homoni haijafanya kazi, kwa hiyo tafuta friji inayorekebishika kabla hujatafuta chura.